Mstari wa Pezi la Tatu

Funguo za karakana nimezikabidhi. Kevin, ambaye sasa ndiye fundi wa maabara na karakana, aliniomba nimwandikie namna ya kutunza vifaa. Nikamwambia vifaa vinajitunza ukivifuta na kuvirudisha mahali pake. Ninachoweza kumwandikia ni yaliyonipata mimi. Akasema sawa, ilimradi isiwe ndefu. Vijana wa siku hizi wanataka kila kitu kiwe kifupi, hata bisibisi.

Vyeo sitavitaja. Nilikuwa na kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara mnaujua, kwa sababu ndio mnaoupata. Nitaanza na siku ya kwanza.

Niliingia katika ile shule ya wasichana ya Ruiru miaka michache kabla ya tisini kuanza. Mwenye kazi kabla yangu alikuwa ameondoka bila kuaga, na nilipofungua mlango nilikuta jiliwa mbili, zile za kubania chuma, zisizofunga, msumeno umeota kutu, na kuku anayeatamia mayai ndani ya droo ya tupa za kusugulia chuma. Mwalimu mkuu aliniuliza, "Unaweza?" Nikasema ninaweza. Wallahi sikujua hata nilichoulizwa kama ninakiweza. Kuku nilimwacha akamaliza siku zake, kwa maana alikuwa mwenyeji kuliko mimi.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Thika. Mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, upande wa kuviringisha uzi, hadi masikio yake yakazoea kelele kiasi kwamba nyumbani tulizungumza kwa kupiga mayowe. Hilo la mama lishikeni, nitalirudia, na nitalirudia kwa aibu.

Shuleni hakukuwa na wa kunifundisha. Kwa hivyo kila Jumamosi nilienda kwa Mzee Gitau, fundi wa chuma aliyekuwa na banda lake Thika, mkabala na wauza mbao. Alikuwa na mashine moja ya kukereza, inayozungusha chuma kikichongwa, kuukuu, ambayo aliipenda kuliko jamaa zake wengi. Wiki sita hakuniruhusu hata kuigusa. Alinipa kipande cha chuma na tupa, akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu, "Mama Zuhura, hii nataka iwe mraba. Pande zote."

Nikapiga tupa. Nikipeleka, anaweka pembe mraba, kile chuma cha kupimia kona, juu yake, anainua kwenye mwanga, anachungulia. Mwanga ukipita katikati ya chuma na pembe mraba, anarudisha. "Inaona jua. Rudi." Niliporudi mara ya tisa au ya kumi, mwanga haukupita. Hakunisifu. Alisema, "Sasa unaweza kufagia karibu na mashine." Nilifurahi kama niliyepewa cheti! Kile kipande bado ninacho, ndicho kinachozuia mlango wangu wa jikoni usijifunge na upepo.

Sasa, roketi.

Mapema miaka ya tisini alikuja mwalimu wa fizikia, Madam Nekesa, mtu wa Bungoma, mrefu, sauti ya kwaya, asiyejua kusema haiwezekani. Kuna mgeni kutoka ng'ambo aliwahi kufundisha naye, na alipoondoka akamwachia boksi la injini sita za roketi za mfano. Msidhani ni vitu vikubwa. Injini moja ilikuwa kibomba cha karatasi ngumu, kifupi kuliko kidole changu cha kati, kilichoshindiliwa baruti. Unaiingiza chini ya bomba refu la karatasi lenye pua ya mbao, unaiwasha kwa waya na betri ukiwa umesimama mbali, na roketi inapanda. Ikifika juu, pua inajifungua na parashuti inatoka. Madam Nekesa alikwenda mwenyewe kwa chifu na kwa polisi kuomba ruhusa, na akarudi na barua. Akaanzisha klabu ya wasichana kumi na wanne.

"Rukia," akaniambia, "injini ni sita tu. Haziuzwi hapa. Kila moja ikiondoka, imeondoka."

Roketi inanyooshwa na mapezi, yale mabawa madogo matatu yaliyo chini. Yakikaa sawa, kila moja limenyooka na bomba na yote yamegawana mzunguko sawasawa, roketi inaenda juu. Moja likiegemea upande, roketi nayo inaegemea huko. Ya kwanza tuliibandika mapezi kwa macho. Mimi, Madam Nekesa na wasichana kumi na wanne, kila mtu akifumba jicho moja na kusema kushoto kidogo, kulia kidogo. Iliruka, ikachora ndoano, ikaingia kwenye mti wa mwiba. Injini ya kwanza hiyo.

Usiku ule nilijisemea hii ni kazi yangu. Mwalimu ana hesabu zake za angani, lakini kunyoosha kitu ni kazi ya fundi. Nikatengeneza jigi, kifaa cha kushikilia kazi isiyumbe.

Hapa nitaeleza taratibu, maana hii ndiyo sehemu Kevin aliyoitaka. Kata ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye bomba mara moja tu, weka alama mahali ncha zinapokutana. Ufungue, ugawanye urefu huo mara tatu, uuzungushe tena, na uhamishe alama kwenye bomba. Halafu chukua angleline, kile chuma cha pembe ambacho mafundi huundia vitanda vya shule. Lilaze bomba ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko. Ukingo wa chuma ndio rula yako: unapiga mstari kwa penseli kutoka juu hadi chini. Kila alama na mstari wake. Baada ya hapo bomba linasimamishwa kwenye kibao chenye tundu, na vipande vya mbao vyenye mfereji vinalibana kila pezi juu ya mstari wake hadi gundi ikauke.

Mara ya kwanza gundi ilikauka vizuri sana. Ilishika pezi, ikashika bomba, ikashika na jigi. Tukawa na roketi yenye kibao. Msichana mmoja akauliza, "Madam, sasa hii inaruka na meza?" Tangu siku hiyo mfereji hupakwa nta ya mshumaa kabla ya kila kazi. Msisahau nta.

Msichana aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote aliitwa Mueni, wa kidato cha tatu, kwao pande za Ngoliba. Mkimya, mwembamba, kucha zimejaa gundi wakati wote. Tulipanga kazi hivi: mimi napiga mistari, Mueni anabandika mapezi. Sikumpa mtu mwingine. Roketi mbili zilizofuata zilipanda wima juu ya uwanja wa shule hadi shingo zikatuuma, na zote mbili zikashuka na parashuti za nailoni nyekundu. Nilitembea shuleni kama niliyezaa mapacha. Injini ya nne iliingia unyevu, ikafuka moshi tu na kutuaibisha. Zikabaki mbili.

Mabomba nayo yakatuishia. Yale ya kwanza yalikuja na boksi. Nikasema msijali, mimi ni mtu wa Thika. Karibu na kiwanda walikuwa wakitupa bobini kuukuu za karatasi, ile mirija ya kuviringishia uzi, nyepesi, ngumu, upana ule ule tuliotaka. Nikabeba mfuko mzima. Madam Nekesa alinikumbatia. Nikapiga mistari mitatu kwenye bobini moja, miwili kwa ukingo wa kulia wa angleline na wa tatu kwa ukingo wa kushoto, kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka nikageuka upande mwingine wa meza. Mueni akabandika mapezi.

Ilipanda labda kimo cha mnazi. Kisha ikajipinda, ikazunguka, ikalala kabisa, ikapita juu ya ua wa shule kuelekea Gatongora, nyumba za watu. Tulisikia mayowe.

Baada ya robo saa mama mmoja aliingia getini, Mama Wambui, muuza duka jirani, ameshika gauni la sare ya kwaya ya kanisa lake. Katikati ya mgongo palikuwa na tundu jeusi la kuungua, kubwa kama bakuli.

"Nimeanika nguo," akamwambia mwalimu mkuu, "nikaingia ndani kugeuza sufuria. Natoka, kamba inawaka! Nyinyi mnafundisha watoto wetu physics ama mnawafundisha vita?"

Hakuna aliyecheka. Nguo ingeweza kuwa imevaliwa, au chini ya kamba angekuwepo mtoto anayecheza. Mwalimu mkuu alituita wote karakanani palepale, akafunga mlango. Akaniuliza mimi kwanza, kwa maana mimi ndiye mtu mzima wa vifaa.

Nilichukua pembe mraba. Nikaiweka kwenye jigi mbele ya macho yake, kila kona, kama Mzee Gitau alivyonifunza. Mwanga haukupita popote. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka vile yalivyotoka, "Jigi haina kosa, Madam. Jigi imenyooka. Labda ni mkono."

Sikumtaja Mueni. Sikuhitaji. Mkono ulikuwa mmoja.

Mueni aliinua kichwa. "Lakini Madam Rukia, nilifuata mstari."

"Nyamaza," mwalimu mkuu akasema.

Kesho yake, paredini, mbele ya shule nzima, mwalimu mkuu alitangaza kwamba uzembe wa mwanafunzi mmoja ungeua mtu. Akamtaja jina. Mueni aliondolewa kwenye klabu na kukatazwa kukanyaga karakana. Klabu yenyewe ikapewa nafasi moja ya mwisho: injini iliyobaki irushwe mbali na nyumba za watu, mwalimu mkuu akiwepo. Ikienda kombo, klabu imekwisha, na karakana itageuzwa stoo ya mahindi na maharagwe, kwa sababu stoo ya shule ilikuwa inavuja.

Mueni alisimama kwenye mstari wa darasa lake akiangalia viatu. Nilimwona. Niliona pia kwamba watoto waliokuwa karibu naye walisogea kando kidogo. Nikarudi karakanani nikajiambia imebidi iwe hivyo, jigi imenyooka.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Gitau na bobini tatu mkononi. Nilitaka anitengenezee jigi nzito zaidi, ya chuma kitupu, hata mkono mbaya ukiishika isikubali kupinda. Ndivyo nilivyomwambia, mkono mbaya. Alikuwa anakunywa chai kwenye meza yake ya kazi. Nikaziweka bobini juu ya meza, moja ikaanza kubingirika. Sikujishughulisha kuishika. Ikabingirika, ikakata kona kama gari linaloingia kituoni, ikagonga kikombe chake. Chai yote chini.

"Pole, Mzee. Meza yako imepinda."

Mngemwona! Ile meza aliiunda mwenyewe. Alifuta chai, akaenda kwenye rafu, akaleta pima maji, ile rula yenye kipovu cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa, akaiweka kwa urefu. Kipovu katikati. Akaiweka kwa upana. Kipovu katikati. Akanitazama.

"Haya. Sukuma tena."

Nikasukuma. Ikakata kona ileile. Nikaigeuza, kichwa kikawa mkia, nikasukuma. Ikakata kona upande wa pili. Nikachukua ya pili, ikafanya hivyo hivyo. Ya tatu pia. Mzee Gitau alichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, akapima mwisho mmoja, kisha mwingine. Tofauti ilikuwa unene wa kadi ya harusi, zaidi kidogo.

"Aterere, sikiliza," akasema, "si hizi ni bobini za uzi? Zina upande mwembamba, ili uzi uvutike bila kukwama. Si kila mtu hapa Thika anajua?"

Kila mtu Thika anajua. Mama yangu alizishika maisha yake yote. Nilichezea bobini kabla sijajua kusema, nilizipanga sakafuni zikazunguka duara, nikacheka. Nilijua hata kabla ya kujua kwamba ninajua.

Nikaelewa yote palepale. Bomba lenye upande mwembamba ukililaza ndani ya angleline, ule upande mwembamba unazama zaidi. Ukingo wa chuma umenyooka, ndiyo, lakini haufuati tena katikati ya bomba. Unapiga mstari unaokwenda mshazari, kidogo tu, jicho halioni. Na mimi nilipiga miwili kwa ukingo huu na wa tatu kwa ukingo ule, kwa hivyo mapezi mawili yaliegemea huku na la tatu likaegemea kule. Mueni alibandika pezi juu ya mstari, barabara. Ule mkono haukukosea hata unywele.

"Sasa?" Mzee Gitau akauliza.

"Kuna mtoto nimemuua jina, Mzee."

Alichukua kikombe akaenda kujimiminia chai nyingine. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Basi jigi itangoja. Nenda kwanza kwa mtoto."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu kabla hajafika. Nilimweleza, nikambingirishia bobini juu ya meza yake ya ofisi. Alielewa haraka, alikuwa mtu mkali lakini si mjinga.

"Sawa," akasema. "Mueni arudi klabuni. Nitamwambia."

"Madam, alitajwa paredini."

"Na wewe unataka nini?"

"Nitajwe huko huko."

"Mafundi hawazungumzi paredini, Rukia. Hatujawahi."

"Basi nitakuwa wa kwanza. Ukinifuta kazi baadaye, nifute."

Alichukua miwani yake na kutangulia kutoka.

Nimewahi kukaa karibu na mashine inayorusha vipande vya chuma bila kutetemeka, lakini wasichana mia kadhaa wakikutazama kimya ni kitu kingine. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea. Nilichosema ni hiki: "Roketi iliyochoma nguo ya Mama Wambui haikuharibiwa na Mueni. Mueni aliniambia alifuata mstari. Alifuata. Mstari ulikuwa wangu, na nilijua vizuri kuliko yeye bobini ni nini. Nilipima jigi, sikupima kazi ya jigi. Nikamwachia mtoto lawama yangu. Mueni, nisamehe."

Huko nyuma mtu alipiga makofi mara moja akanyamazishwa. Mueni alisema, "Asante, Madam," bila kuinua macho. Nilistahili. Msinipe hadithi kwamba alinikimbilia akanikumbatia. Hakufanya hivyo, na siku tatu hakuja.

Alhamisi nikiwa ninanoa patasi, nikasikia mlango. Alikuwa amesimama kizingitini, pale alipokatazwa kukanyaga.

"Mabomba mengine yapo?" akauliza.

"Hakuna. Ni hizi hizi bobini."

Akaingia. "Basi jigi ijifunze bobini."

Ile jigi ya pili ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote, na nasema hivyo bila haya. Mzee Gitau alikereza koni mbili za mbao ngumu, moja kwa kila mwisho. Zinaingia kwenye matundu ya bobini na kuishika katikati, kama mashine ya kukereza inavyoshika chuma. Bobini haigusi chochote kingine. Iwe nene huku, iwe nyembamba kule, inazunguka kwenye uti wake wa katikati. Pembeni kuna reli, na juu ya reli kuna kishikio cha penseli kinachoteleza sambamba na ule uti, na chemchemi ndogo, springi ya waya, ya kuisukuma penseli iguse karatasi. Nyuma kuna sahani yenye matundu matatu na msumari wa kuifunga, ili ukizungusha isimame theluthi kamili. Chemchemi niliitoa kwenye kalamu yangu.

Mimi nilidhani tumemaliza. Mueni akasema hapana.

"Mara ya kwanza pia jigi ilikuwa imenyooka," akasema. "Mimi nataka kupima mstari."

Kwa nini hilo halikutoka kinywani mwangu? Tukaisimamisha jigi wima, tukaning'iniza timazi mbele yake, uzi na kipande cha risasi. Mueni akapiga magoti, akafumba jicho, akasogeza kichwa mpaka uzi ukafunika mstari wa penseli kutoka juu hadi chini. "Sawa," akasema. Akazungusha. "Sawa." Wa tatu akakaa zaidi. "Sawa, Madam."

Tukaenda Gatuanyaga, mahali pakavu, pana, pasipo na nyumba karibu. Mwenye shamba alihamisha mbuzi wake. Chifu alituma askari mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuuliza kama itarudi chini. Mwalimu mkuu alisimama chini ya mwavuli wake. Na pale kando, amekunja mikono, alisimama Mama Wambui. Madam Nekesa alikuwa amemwalika, na alikuwa amekuja na lile gauni ndani ya mfuko, sijui kama ushahidi au kama nini.

Mueni alishika kisanduku cha betri. Wakahesabu kutoka tano. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Nikasikia mwalimu mkuu akivuta pumzi. Madam Nekesa akatuzuia wote, tukangoja dakika nzima kama sheria yake ilivyo, kisha mimi na Mueni tukaenda. Vumbi. Vibanio vya waya vilikuwa vimejaa vumbi la njiani. Nikatoa msasa kwenye mfuko wa koti, nikavisugua, tukarudi nyuma. Injini ilikuwa ya mwisho, karakana ilikuwa ya mwisho, na jina la huyu mtoto lilikuwa limerudishwa kwa maneno yangu tu, bado halijarudishwa na kitu chochote mtu anachoweza kukiona.

Akabonyeza.

Ilipanda. Haikuyumba, haikujizungusha, haikutafuta njia. Ilipanda pale pale ilipoelekezwa, hadi ikawa nukta, hadi nukta ikapotea, kisha tukaona wekundu wa nailoni ukifunguka juu kabisa. Wasichana walipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Madam Nekesa alikuwa analia waziwazi. Mimi nilikuwa nimeshika msasa kwa nguvu ukanichubua kiganja.

"Ile ingeenda hivi," Mama Wambui akasema, "nguo yangu ingekuwa nzima." Lakini alikuwa anaangalia juu, mkono juu ya macho, na hakuushusha mpaka parashuti ikagusa chini.

Mwalimu mkuu alikunja mwavuli. "Rukia, yale mahindi tutayatafutia pahali pengine." Hiyo ndiyo hotuba nzima.

Mueni alikuja akiwa ameshika roketi kwa mikono miwili, bado ina joto. Akaigeuza akanionyesha mapezi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya paredi alinitazama usoni, tena akitabasamu.

"Nilifuata mstari, Madam."

"Nimeona," nikamwambia.

Injini nyingine hazikupatikana. Klabu ikahamia kwenye vinu vya upepo na mizani, na ile jigi tuliitumia kwa kila kitu chenye umbo la mrija. Madam Nekesa alihamishwa, Mzee Gitau alitangulia mbele za haki, mashine yake ikachukuliwa na mwanawe anayeitunza ipasavyo. Mueni hufundisha mambo ya mitambo katika chuo kimoja, na mara moja moja hunipigia kuniuliza habari za magoti yangu. Nami niliendelea kufuta vifaa na kuvirudisha mahali pake, miaka mingi, mpaka mwezi uliopita.

Siku ya kukabidhi funguo, Kevin alizunguka karakana na daftari, akiandika hiki na kile. Akafika kwenye rafu iliyo juu ya mlango.

"Hii bobini kuukuu nitupe?"

"Iweke mezani," nikasema. "Isukume."

Akaisukuma. Ikabingirika, ikakata kona, ikaja moja kwa moja ikagonga mkoba wangu. Kevin akaitazama, akaitazama meza, akatikisa kichwa.

"Madam, hii meza yako imepinda."

Nilicheka mpaka nikakaa. Kisha nikamwonyesha ilipo pima maji, nikachukua mkoba wangu, nikamwachia aanze.